Herufi Zilizobaki Nyuma

Afadhali mnisikie mimi kabla hamjasikia ya mtaani. Nilirudi Mwanza baada ya miaka ya kuhangaika Nairobi, nikakuta minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunauziwa mapanki, mifupa mitupu. Kiwanda kimoja cha minofu kiliniahidi ajira nikitengeneza programu ya kupokea majina ya wafanyakazi kwenye kompyuta.

Nilijiona fundi. Jina refu mno nililizuia lisifurike kwenye kumbukumbu ya ndani ya mashine. Ila wakati wa kulirudisha kwenye kioo nilinakili nafasi nzima, bila kufuta herufi za jina lililotangulia. Na asubuhi ya ukaguzi, katika kujaribu, nilikuwa nimeandika kwenye nafasi ya jina FISI MLA MINOFU, SISI MAPANKI. Wenzangu wa ofisini walicheka hadi machozi.

Meneja wetu, Mzee Kato, akaja kuikagua. Akaandika jina lake. Herufi nne zikafunika nne za kwanza tu.

“Esta, nisomee. Sina miwani,” akamwambia karani.

“Mzee, labda mashine ina wazimu.”

“Soma tu, mama.”

Karani akasoma polepole: “Karibu KATO MLA MINOFU, SISI MAPANKI.”

Mzee akanigeukia. “Hao ‘sisi’ ni akina nani?”

Wenzangu wote walikuwa wamegeukia dirishani, wanatazama ziwa.