Ilegeze Kidogo, Utafika

Hasira niliyoipata siku ile bado ninayo, na sina mpango wa kuiacha. Nikipita karibu na kijiwe cha mafundi pikipiki kule nyuma ya stendi ya Babati nageuza uso. Wananiita dada, wananisalimia vizuri, mimi nasonga mbele.

Mjomba alikuwa amefariki ghafla kwake Bonga. Kwa bibi yangu walizaliwa wawili tu, yeye na mama. Mama hakuomba makubwa. Alitaka kumwona kaka yake usoni kabla jeneza halijafungwa, basi. Mazishi yalikuwa saa nane mchana, na kutoka kwetu Maisaka mpaka Bonga si mbali hata kidogo. Shida ni kwamba ukishaacha lami, njia ya kwenda kwa mjomba imechimbwa na mvua hadi bajaji hazitaki kuisikia, na mama, tangu bodaboda mmoja alipomwangusha akamvunja mguu, aliapa hapandi pikipiki ya mtu yeyote isipokuwa yangu. Mimi nauza vyombo vya plastiki minadani, kuendesha kwenye njia mbovu ndiyo kazi yangu.

Kwa sababu ya mama, jioni ya kabla ya mazishi nilipeleka pikipiki kwa fundi. Gurudumu la nyuma lilikuwa linacheza, na sikutaka kumbeba kwenye gurudumu linalocheza. Fundi wangu ni mtu mzima, rika la mjomba, na alikuwa jirani yake kule Bonga. Aliniambia beringi zimekwisha, atafunga mpya, nipitie asubuhi.

Asubuhi nikakuta pikipiki ipo na fundi hayupo. Ameshatangulia msibani, wenzake wakaniambia. Nikasema haidhuru, tutakutana hukohuko. Nikawasha, nikatoka. Sikufika mbali. Pikipiki ilikuwa nzito, inalalamika, inataka kuzima kila nikipunguza mafuta. Nikaishusha, nikagusa katikati ya gurudumu la nyuma, nikaondoa mkono haraka. Pale kati palikuwa pa moto.

Nikairudisha kijiweni kwa kuisukuma, na kuisukuma kwenyewe ilikuwa adhabu. Nikaisimamisha kwa stendi ya kati, nikajaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono. Lilikwenda kidogo likagoma. Nikadhani ni breki. Nikalegeza breki mpaka pedali ikawa inakwenda chini bila kushika chochote, gurudumu likagoma vilevile. Nikadhani cheni imekazwa sana. Nikailegeza mpaka ikaning'inia, na bado likagoma. Muda wote huo mafundi watatu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yao wananitazama.

Nikampigia fundi wangu. Nyuma yake nilisikia kwaya. Akanong'ona, kwa kuwa alikuwa msibani, kwamba beringi mpya zina tabia hiyo.

"Ilegeze kidogo ile nati ya ekseli, utafika."

Nikailegeza. Gurudumu likazunguka bila tatizo. Nikaikaza, likashika. Nikailegeza, likazunguka. Hapo ndipo hasira ilinipanda, maana hata mimi muuza vyombo najua ile nati ndiyo inayolishikilia gurudumu lote. Mtu huyu alikuwa ananiambia nimpakie mama yangu, mwenye mguu uliokwisha kuvunjika mara moja, nimpandishe kwenye makorongo kwa nati iliyolegea. Naye ameketi kwenye kiti cha msibani, anamlilia mjomba wangu kana kwamba ni ndugu yake, wakati dada wa marehemu amekaa kibarazani Maisaka na kitenge cha msiba kiunoni, anasubiri.

Nikawaomba wale watatu wanifungulie. Wakakataa. Hawakukataa kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Walikataa kwa heshima kabisa, wanatabasamu, wananipa pole. Pale kijiweni wana sheria yao: kazi aliyoifunga fundi mmoja, mwingine haigusi mpaka mwenyewe awepo. Ukiigusa na ikaharibika, lawama ni yako, na mwenzako atasema unamwibia mteja. Nikawaeleza habari ya mama. Nikawaeleza habari ya jeneza. Mmoja wao, mnene aliyevaa ovaroli, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Dada, tunakuelewa kabisa. Ila kazi ya mzee hatuigusi."

Nikawaambia basi niazimeni spana. Spana walinipa zote, hata nyundo. Kuazima hakukatazwi, na kumbe kusema pia hakukatazwi, kwa sababu nilipopiga magoti kwenye matope na sketi yangu ya msibani, wote watatu walianza kunielekeza. Anza na fimbo ya breki. Chomoa ekseli taratibu. Angalia bushi ya pembeni isianguke. Nikawaza kwamba kama wangetumia mikono kama walivyotumia midomo, ningekuwa nimeshafika Bonga. Mama akapiga simu. Nikamwambia nakuja, na sauti yangu ilitoka kali nikajichukia.

Gurudumu lilipotoka, yule mnene akaniambia nichungulie tundu la katikati, kati ya beringi na beringi. Nione kama kuna bushi ndefu, kijibomba cha chuma kinachozitenga ili ukikaza nati zisibanane. Nikachungulia. Niliona mwanga upande wa pili na hewa tupu.

"Basi mzee kaisahau," akasema. "Tafuta bushi."

Nikageuka kutafuta. Mwenzake aliyekaa karibu yake alikuwa anagonga beringi kwenye pikipiki ya mtu mwingine, na alikuwa anaigonga kwa kijibomba cha chuma chenye grisi, urefu wa kiganja. Nikamuuliza amekitoa wapi. Akakitazama kana kwamba ndiyo anakiona mara ya kwanza, akasema kilikuwa hapo mezani tangu jana, mzee alikuwa anagongea beringi za pikipiki yangu.

Asubuhi nzima. Walikuwa wanagongea bushi yangu asubuhi nzima huku wakiniambia hawagusi kazi ya mzee. Nilimpokonya mkononi. Nilisema maneno ambayo mama hajanilea niyaseme. Nikagonga beringi moja ikatoka, nikaweka bushi mahali pake, nikairudisha, nikafunga gurudumu, nikarekebisha breki na cheni, nikakaza nati kwa uzito wangu wote. Likazunguka.

Nilipomchukua mama Maisaka saa nane ilikuwa imeshafika. Tulipokata kutoka lami kuelekea kwa mjomba, alikuwa amenishika kiuno. Tulipopanda kilima cha mwisho tukaona wanaume wanatoka upande wa shamba na majembe mabegani. Mikono ya mama ikalegea kiunoni mwangu. Hakuhitaji kuambiwa.

Wa kwanza kutufikia alikuwa fundi. Alimshika mama kiwiko, akamteremsha pole pole kama mtoto mwema. Mikono yake ilikuwa na udongo mwekundu.

"Pole sana, mama. Tumemzika vizuri."

"Asante, baba," mama akasema. "Mungu akubariki kwa kumsitiri kaka yangu."

Kisha fundi akanigeukia, akasimama ananingoja. Njia nzima nilikuwa nimepanga nitakayomwambia, neno moja baada ya lingine, na yote yalikuwa tayari mdomoni. Lakini ni msibani, watu wametuzunguka, na yeye ni rika la mjomba.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Akainama kulitazama gurudumu la nyuma, akaridhika. "Si nilikuambia utafika?"

Mama alikuwa ameshatangulia kuelekea kaburini, anachechemea, na ncha ya kitenge chake ikiburuzika kwenye udongo ambao ulikuwa bado mbichi.