Mwezi Tuliokula kwa Mzee Kondo

Harufu ya tui la nazi linapoanza kuchemka ndiyo iliyotupokea Temeke, na Mama aliichukia tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ikiingia jioni kupitia upenyo kati ya ukuta na paa, nzito na tamu, kutoka kila ua wa jirani, na Mama alikuwa akifunga dirisha kana kwamba anamzuia mwizi. Tulikuwa tumetoka Uganda, enzi zile Waingereza wakitawala kule na huku, baada ya Baba kupata kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji mjini Dar es Salaam. Tulivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, tukapanda treni, na njia nzima Baba alitulisha kupitia madirishani. Kila stesheni ilikuwa mkahawa wake. Alinunua kuku wa kuchoma, mayai ya kuchemsha, mihogo, karanga, akanunua na machungwa ya Morogoro, akila na kusifu, na kutuambia kwamba tembea uone. Mimi nilikula kila kitu. Mama alikula chungwa moja, akafuta mikono, akatazama nje.

Lazima nieleze jambo hili, maana bila hilo mtu anaweza kudhani mama yangu alikuwa mwanamke wa kudeka. Kwa Waganda wa rika lake, chakula ni ndizi zilizofungwa katika majani ya mgomba, zikaiva kwa mvuke taratibu, zikapondwa zikiwa moto. Vingine vyote ni vya kutafuna tu wakati unasubiri chakula. Sasa fikiria mtu huyo yuko Temeke, ndizi za sokoni hazipondeki, na zikipikwa zinaogeshwa kwenye nazi. Tena kwao mwanamke mwenye heshima hali mbele ya wanaume asiowajua. Alikonda hadi gauni lake likawa linampwaya. Jioni moja alimwambia Baba, kwa sauti ya upole ambayo sisi tuliiogopa kuliko makelele, kwamba atavumilia hadi mvua zianze, kisha atarudi kwao, na mimi nitakwenda naye. Baba akamwuliza ni nini kitakachombakiza. Mama akajibu, "Nionyeshe mahali pamoja katika mji huu nile nikashibe bila kubembelezwa. Pamoja tu. Nitakaa."

Nilikuwa na umri wa kama miaka minane, na nilisikia neno lile nikiwa nimelala upande wa pili wa pazia. Niliogopa sana. Nilikuwa nimeshapata rafiki wa kuruka naye kamba, Kiswahili kilikuwa kimenikaa mdomoni kama cha kuzaliwa nacho, na zaidi ya yote, baba yangu nilimpenda kupita kiasi. Yeye lakini hakuogopa hata kidogo. Baba alikuwa mtu wa kujiamini, aliyeamini kwamba hakuna tatizo duniani lisilokuwa na hoteli yake, na kuanzia Jumapili iliyofuata tukitoka kanisani alitutembeza Dar es Salaam nzima kutafuta mahali ambapo mke wake atakula.

Tulianzia Kariakoo, kwenye hoteli ya Mwarabu mmoja iliyokuwa na chumba kidogo nyuma ya pazia kwa ajili ya watu wenye familia. Nilipewa sambusa moto hata ikaniunguza ulimi, na chai ya maziwa yenye iliki ambayo mpaka leo sijapata kunywa nyingine kama ile. Mama alikunywa nusu kikombe, macho kwenye pazia, akihofia upepo usije ukalifunua. Jumapili nyingine ilikuwa Uhindini, ambako pilipili ilimtoa machozi Baba mwenyewe, naye akadai ni ya furaha. Siku nyingine alituamsha alfajiri twende kunywa supu ya utumbo kando ya barabara ya Pugu. Tulipofika tukakuta wanaume watupu wamejiinamia mabakuli, wakageuka wote kumtazama Mama, na Mama akageuka kutazama tulikotoka. Hoteli za Wazungu kule baharini tuliziona kwa nje tu, maana watu weusi waliingia mlango wa jikoni, na Baba alisema chakula chao hakina chumvi. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Pugu, nami nikawa nayahesabia ubaya.

Ndipo ukaingia mwezi wa Ramadhani. Hoteli tulizozijua zikafungwa mchana kutwa, na Baba akafikiri kwa akili yake nzuri kwamba wenye hoteli hawakubali njaa, lazima wamehamishia biashara yao jioni. Jumapili hiyo tulikuwa tukirudi kwa miguu kutoka mjini, tumepita Keko, tumechoka, giza linaanza, tukaona upande wa Chang'ombe nyumba ya makuti yenye baraza pana. Mbele yake mikeka ilikuwa imetandikwa, taa ya chemli inawaka, wanaume wamekaa makundi makundi kuzunguka masinia, na mtu wa miraba minne mwenye kanzu na sauti ya kupigia mnada anamwita kila apitaye: "Karibu! Karibu, jamani, chakula kipo! Bwana, pita na wenzio, msipite na njaa!" Baba alisimama. Akatazama masinia, akamtazama yule bwana, akamgeukia Mama na kumwambia kwa Kiganda, "Hapa ndipo. Hawa wanajua kukaribisha wateja."

Yule bwana alikuwa Mzee Kondo, fundi seremala, na mahali pale palikuwa nyumbani kwake. Ilikuwa desturi ya mtaa, na ya pwani nzima, kwamba futari hutolewa nje barazani ili mpita njia, awe nani awe nani, asikose tonge. Baba hakulijua hilo. Alivua viatu, akakaa mkekani, akanawa mikono, akaanza kula. Mzee Kondo aliita ndani, akatokea mkewe, Bi Tatu, kutuchukua mimi na Mama uani, na nikamsikia Baba akimwambia jirani yake wa mkekani kwamba hata sehemu ya wanawake wanayo. Baada ya kula alitazama watu wakiondoka bila kulipa, akaelewa, kwa ile akili yake nzuri, kwamba wote ni wateja wa mwezi. Mzee Kondo alipomwambia, "Kesho tena, bwana, usitutupe," Baba aliondoka akijua amefunguliwa hesabu.

Uani mambo yalikuwa mengine. Mama alipomwona Bi Tatu alipiga magoti kumwamkia, kama kwao wanavyofanya, na Bi Tatu akaruka nyuma. "Inuka, mwanangu, inuka! Mie si Mungu!" Wanawake wakacheka, wakamvuta Mama kwenye mkeka wao. Hapakuwa na mwanamume, hapakuwa na pazia la kuogopa. Kulikuwa na uji wa pilipili manga, tende, muhogo, magimbi, na ndizi mbichi zilizoelea kwenye nazi ile ile adui yetu. Mama akala kidogo kwa adabu. Kisha Bi Tatu akamsukumia mbuzi ya kukunia na kizio cha nazi. "Humu ndani mie sina mgeni. Nazi ya daku hiyo, tusaidie." Mama hakuwahi kukalia mbuzi maishani mwake. Alikaa upande, kama mtu aliyepakiwa nyuma ya baiskeli, nazi ikamtoka ikabiringika hadi kwa kuku, na wanawake wale wakacheka hadi wakashika mbavu. Mama naye akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tulipovuka ziwa, na nilisimama pale na tende mdomoni. Njiani Baba alipokwenda mbele akipiga mluzi, Mama alinibana mkono na kuninong'oneza, "Hakuna hoteli inayompa mteja nazi akune. Usimwambie baba yako."

Jioni iliyofuata ni Mama aliyeuliza, "Leo hatuendi?" Tukaenda. Tukaenda jioni baada ya jioni. Mama akajifunza kukalia mbuzi, akajifunza kukamua tui zito na jepesi, akajifunza kuwasema waume pamoja na wenzake, jambo linalohitaji Kiswahili kizuri sana. Baba aliona mashavu ya mkewe yakirudi akavimba kichwa. Alianza kuwa mteja mwenye madai. Alimwambia Mzee Kondo kwamba uji wa jana ulikuwa mwepesi, na Mzee Kondo, akidhani ni utani wa watani, alimwagiza mkewe auzidishe. Akaagiza samaki, akaletewa samaki. Akawaleta wenzake wawili wa kiwandani, wabara kama yeye, akiisifu hoteli kana kwamba ana hisa humo, na Mzee Kondo akafurahi kupita kiasi, maana kila mdomo wa mgeni kwake ulikuwa thawabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jioni ya mwisho, watu wakishangilia mwezi umeandama, Baba alisimama mkekani mbele ya wote, akatoa mkoba wake, akamwomba Mzee Kondo hesabu yake ya mwezi. Kutoka mlango wa uani nilimwona Mzee Kondo akiziangalia zile noti, uso wake ukibadilika. "Wewe bwana," alisema polepole, "umenikalia mwezi mzima, kumbe uliniona mie muuza chakula? Thawabu zangu za Ramadhani unataka kuzinunua?" Wale wenzake Baba wawili wa kiwandani wakaangua kicheko. Baba alirudisha mkoba, akachukua viatu mkononi, akaondoka bila kuvivaa.

Nyumbani alikaa kitandani, viatu bado mkononi. Sijawahi kumwona amenywea vile. Akasema, "Umeshinda. Mji huu siujui. Mvua zimeshaanza, nitawakatia tiketi." Mama alikuwa akikunja kanga ambayo Bi Tatu alimpa, na hakuacha kuikunja. "Nikafuate nini huko?" alisema. "Mimi nimeshiba tangu wiki ya kwanza. Ulikuwa unanionyesha hoteli, mimi nikaona watu." Kisha akamwambia kwamba aliyekosea kwa chakula hutengeneza kwa chakula. Asubuhi ya Idi aliamka akapika ndizi katika majani, kwa mvuke, zile zile za sokoni zisizopondeka, akamtwisha Baba furushi, akamsindikiza hadi barazani kwa Mzee Kondo. Mzee alifungua majani, akaonja, akatangaza kwamba hiki kitu hakina nazi, na akakimaliza chote. Baba na yeye waliendelea kuitana "mteja" na "mwenye hoteli" hadi kifo kilipowatenganisha.

Tangu hapo nimekula katika miji mingi, kwa kazi na kwa matembezi, na sitadanganya kwamba vya zamani vilikuwa vitamu zaidi. Uji wa Bi Tatu ulikuwa na mchanga. Mwaka jana wajukuu zangu walinipeleka hoteli moja ya ghorofa mjini, ambako siku hizi Ramadhani ikiingia futari huuzwa kwa kichwa, watoto nusu bei. Vyakula vilipangwa meza nzima, muhogo laini, samaki wa kila namna, na mhudumu akaleta hesabu ndani ya kijalada cheusi. Nilicheka peke yangu hadi wajukuu wakaniuliza nina nini. Baba hakukosea, aliwahi tu. Na nashukuru aliwahi, kwa sababu kama Mzee Kondo angezipokea zile noti jioni ile, Mama angeona ni hoteli tu, angesema ahsante, angefunga mizigo yake, na haya yote ningekuwa nayasimulia kwa Kiganda.