Ng'ombe Wawili wa Ukurasa wa Kumi

Kitabu cha Kiingereza cha darasa la tatu mwalimu huyu alikuwa amekimeza chote, tangu jalada la mbele mpaka la nyuma. Miaka ishirini na sita si mchezo. Yeye alisoma mstari, darasa likarudia, akasema "Ageni!", ile "again" ya Kiingereza, likarudia tena kwa sauti ya kupasua bati. Ndiyo maana shule nzima, hata mlinzi wa getini, walimwita Mwalimu Ageni. Alijua, wala hakuchukia. Afadhali jina la utani kuliko kukosa wa kukuita.

Nyumbani hakuwa na wa kumwita. Mkewe alifariki mwaka juzi, na mkewe ndiye aliyekuwa macho yake. Macho yenyewe yalianza kufifia zamani, na daktari alishasema miwani haitasaidia kitu. Basi mama wa watu aliketi kwenye meza ya chakula na kusahihisha madaftari, huku akimtania: "Mume wangu, wanafunzi wako wanaandika kama kuku aliyeparura." Siri ikabaki ya wawili, kisha ikabaki ya mmoja. Tangu hapo mwalimu alitia alama za vema kwa kukisia, ukurasa baada ya ukurasa, na darasa lake likawa halina anayefeli. Wazazi wakafurahi, mwalimu mkuu akafurahi zaidi. Nani hulalamika mtoto wake akipata vema?

Lakini wakubwa wangejua, wangemstaafisha siku hiyo hiyo, na Mwalimu Ageni aliogopa nyumba yake kuliko alivyoogopa kifo. Kule kulikuwa na kikombe kimoja mezani na redio iliyozungumza peke yake.

Tena kulikuwa na ile barua. Binti yake wa pekee, anayeishi ng'ambo, alishindwa kuja kumzika mama yake. Mwalimu akamwambia kwa simu maneno ambayo mtu akishayatoa hawezi kuyameza tena, na simu ikanyamaza. Kisha, miezi sita iliyopita, tarishi akaleta bahasha. "Mjukuu wako huyo, mwalimu. Kaandika jina lake nyuma, kubwa kweli!" Mjukuu alijua Kiingereza tu. Sasa mwalimu wa Kiingereza atamwomba nani amsomee barua ya Kiingereza? Akaitia mfuko wa koti, ikakaa humo mpaka kingo zikalainika.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio chenyewe kilikuja Jumatatu, kwenye maboksi: vitabu vipya. Mwalimu mkuu alivigawa mwenyewe, akapiga makofi, akaenda zake. Mwalimu Ageni alipapasa jalada linaloteleza, akafungua, akaona ukungu wenye rangi.

"Ukurasa wa kumi," alisema, na kwa kukosa la kufanya akatoa ukurasa wa kumi wa zamani, ule wa mkulima na ng'ombe wake wawili.

Darasa likarudia. Vidole arobaini na sita vilitambaa juu ya mistari, sauti zikapaa: mkulima ana ng'ombe wawili, ng'ombe wanakula majani. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akashusha pumzi. Kumbe vitabu vipya vina yale yale!

"Ageni!"

"Mwalimu." Ilikuwa sauti ya yule msichana aliyehamia wiki tatu zilizopita, msomaji wa kujikongoja. "Hapa hakuna ng'ombe."

"Wapo, mwalimu!" darasa likapiga kelele. "Ng'ombe wapo!"

"Kuna nini?" aliuliza mwalimu.

Msichana akainamia kitabu. Alivuta herufi moja moja. "Kuna... duka. Na mvua."

Wenzake wakaendelea kuapa kwamba ng'ombe wapo. Ndipo mwalimu alipoelewa. Hawakuwa wakisoma. Walikuwa wakimfuata yeye, na yeye hakuwa akiona njia. Miaka yote ile ya makofi, na katika chumba kile aliyejua kusoma alikuwa mmoja, tena mgeni.

"Kaa chini," alimwambia kwa ukali, kisha akaona haya kwa ukali huo.

Kengele ya mapumziko ilipolia, alimzuia msichana mlangoni.

"Mwanangu, mimi sioni," alisema. Neno hilo lilitoka kirahisi kuliko alivyodhani. "Hata hicho kitabu sikukiona. Kesho tutaanza upya wote, na mwalimu mkuu nitamwambia mwenyewe. Lakini kwanza nisomee hii."

Msichana akaikunjua barua. Alisoma kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe, neno moja, kimya, neno jingine. Nusu ya maneno hakuyaelewa. Mwalimu aliyaelewa yote.

Babu, mama anasema umetukasirikia. Kama si kweli, niandikie, tutakuja likizo ya shule. Mama ameshaweka hela za tiketi. Usipojibu, nitajua ni kweli.

Likizo ilikuwa imekwisha mwezi uliopita.

Nje watoto walikuwa wakifukuzana uwanjani. Msichana alisubiri aambiwe aende.

"Ageni," alisema mwalimu, kwa sauti ambayo haikuwa ya darasani.

Akamsomea tena.