Kitabu cha Mahari

Niliporudi Runazi na stashahada ya kilimo, nilikuwa wa kwanza kijijini kuipata, na sikumnyima mtu nafasi ya kuiona. Baba mdogo akaniomba jambo moja. Zamani mmisionari mmoja aliandika kitabu, na ndani yake babu yangu alieleza desturi zetu sisi Wasubi. Babu hakuacha hata picha. Baba mdogo alitaka kuyasikia maneno ya baba yake kabla yeye mwenyewe hajafa.

"Kinahusu mahari," alisema.

Wazee wetu huchanganya r na l, kwa hiyo nikamsahihisha kimoyomoyo. Kwenye fomu ya kuazima ya maktaba ya mkoa niliandika "mahali", kwa mwandiko mzuri.

Fomu ilikwenda hadi Dar es Salaam wakati malori ya wanajeshi yakielekea mpakani. Miezi ikapita, kisha likaja bunda lenye barua: "Kitabu cha mahali pa Wasubi hakipo. Tumekisia ulikusudia mahari. Hiki kimetoka maktaba ya seminari."

"Nilikwambia mahari, msomi wee!" Baba mdogo alicheka hadi akakohoa.

Mimi nilishangaa. Mtu asiyewahi kutuona alikuwa amemsikia mzee wangu kuliko mimi niliyekaa naye mkeka mmoja.

Nikamsomea: "Mzee wa Runazi alisema, jembe hutangulia, ng'ombe hufuata."

Akauwekea ukurasa kiganja chake.

"Ndiye," alisema. "Ndivyo alivyokuwa akisema. Rudia, mwanangu, polepole."

Nikarudia, neno kwa neno.