Niliuziba Mto Niliopewa Kuulinda

Kosa ni langu, msinitafutie wa kusaidiana naye! Jina naficha, ingawa hapa Kasense haisaidii kitu. Watoto wakiniona njiani wananiita "Mheshimiwa Viroba".

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kulinda mto wetu. Mikutanoni nilifoka mpaka mate yananiruka: hakuna kulima wala kujenga ndani ya mita sitini, ni sheria! Watu wakapiga makofi. Nikitoka hapo, huyoo, naenda kupanga viroba vya mchanga mtoni nyuma ya shamba langu. Nilitaka bwawa la kambale, samaki ambao mto wetu haukuwa nao. Kibali? Cha nini, na mwenyekiti ni mimi!

Kiangazi kikaingia, huko chini mto ukageuka matope. Na huko chini ndiko anakoishi mama mkwe wangu, anayetega kwa kikapu visamaki vidogo vya kukausha. Ndiyo mboga yake na wajukuu. Mama ni mtu wa mila, hasemi nami ana kwa ana. Alikuja, akanipa mgongo, akamwambia mke wangu, "Mwambie mwenyekiti atutafutie huyo mwizi wa maji."

Nami, bila haya, nikajibu, "Mwambie mama tutamkamata." Loo! Nikaipeleka kamati kwa jirani mwenye mikaratusi, eti miti yake ndiyo inayomaliza maji. Maskini, akaikata yote.

Maji hayakurudi. Mama akafuata mto kwa miguu yake mpaka kwenye viroba, akanikuta nawamwagia kambale pumba. Mila ikamshinda. Akanikazia macho.

"Baba, kumbe ni wewe?"

Nilitamani ardhi inimeze! Uenyekiti ukaota mbawa, faini nikapigwa, mke wangu akahamia kwa mama yake. Nikaona nitubu mbele za watu. Nikavichana viroba vyote kwa mbwembwe, maji yakashuka, watu wakashangilia. Mpumbavu mimi, nikawapungia mkono!

Kambale wakashuka na maji. Wamekula visamaki vyote. Siku hizi mama akiinua kikapu anakuta kambale mmoja mnene, anamrudisha mtoni. Hajawahi kula kambale tangu azaliwe.

Ndugu zangu, msiuzibe mto kwa sababu tu mwenye kukataza ni wewe mwenyewe. Sheria ilinitoza faini nikalipa. Viroba nilivitoa mchana mmoja. Hawa kambale nitawatoaje?