Ndoo za Maji Ndani ya Mashua ya Buluu

Mwezi uliopita nilikwenda Kisauni kutazama nyumba ya kupanga. Dalali alipofungua mlango nilipokewa na harufu ya rangi mbichi, na palepale nikawa na miaka kumi tena, nimesimama mchangani Likoni, ndoo mkononi, nimemkasirikia mama yangu kupita kiasi. Nitawaeleza, nanyi mtaamua kama nilikuwa na haki.

Baba alikuwa baharia wa meli za mbali. Mwaka ule alitaka tununue mashua ya tanga iliyotumika, ili akirudi tuwe tunashuka nayo pwani yote, Tiwi, Gazi mpaka Funzi. Zaidi ya yote, tumfikie Bibi, mamake Mama, aliyekuwa Gazi na miguu haimchukui tena. Kazi ya kuchagua alimpa ndugu yake, Ami Bakari. "Wewe mfuate tu," alimwambia Mama kwenye simu. Mama alijibu taratibu, "Watakaopanda ni wanangu," akakata.

Ami alikuwa keshachagua. Mashua ilikuwa imeegemezwa magogo karibu na Shelly Beach, buluu tupu, ina mstari mweupe ubavuni, inang'aa hata unaogopa kuigusa. Mimi na dada yangu Rukia tuliipenda papo hapo, tukagawana mahali pa kukaa. Ami alipiga mbao ngumi mbili tatu, mwenye mashua akacheka, wakapeana mikono. Hapo Mama akainama, akaweka pua yake karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mbao zote. Alipoinuka alijifunga leso kiunoni.

"Rukia! Mwanaidi!"

"Abee, Mama."

"Leteni ndoo. Tieni maji ya bahari humu ndani."

Mwenye mashua alidhani hakusikia vizuri. Mashua hutiwa majini. Nani aliwahi kuona maji yakitiwa ndani ya mashua iliyo nchi kavu? Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakaanza kucheka. Ami alisogea karibu, sauti ameishusha.

"Shemeji, wallahi waniaibisha. Mwanamume hapimi chombo kwa ndoo."

"Mie si mwanamume, shemeji," Mama alisema. "Mwanaidi, nenda."

Maji yalikuwa yamekupwa, na siku hiyo bahari ilikaa mbali kana kwamba nayo imeona haya kujulikana nasi. Tulikwenda na kurudi, mikono ikituuma, nusu ya maji yakitumwagikia. Watoto wa darasa langu walikuja kutazama. Mmoja akauliza kama mashua tunaiosha au tunaipika. Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga. Nilimwona Mama mbishi tu, anayetunyima kitu kizuri kwa kuwa hakukichagua yeye.

Maji yakaanza kuchuruzika baina ya mbao. "Mbao zimekauka," mwenyewe akajitetea. "Zikinywa zitavimba, zitajifunga." Na kweli mbao ndivyo zilivyo, kwa hiyo Mama hakubisha. "Basi tutangoja zinywe," akasema. Akatandika mkeka, akafungua chupa ya chai na mahamri, akawakaribisha wote, hata Ami, ambaye alikataa.

Tulingoja mpaka adhuhuri ikapita, huku tukizidi kujaza. Mianya mingi ilijifunga. Kisha, karibu na mkuku, rangi ikavimba kama lengelenge, ikapasuka, na maji yakafoka nje yakisukuma kipande cha gunia kilichopakwa saruji. Ubao wa hapo ulikuwa umeoza. Mama alichomeka kidole, kikaingia chote. Kicheko kiliisha, na Ami akawa anatazama viatu vyake.

Ndipo mvuvi mmoja mpole akaweka wavu wake chini. "Bi mkubwa, nami ninauza yangu, ile pale isiyo na rangi. Yavuja nyuma, karibu na usukani. Tia maji uone."

Sikungoja kuambiwa. Nilishika ndoo nikakimbia.

Tuliinunua hiyo. Ilivuja palepale alipotuambia, pakazibwa kwa pamba na mafuta, na Baba aliporudi tukaenda nayo Gazi. Bibi alitupokea akiwa ameketi ufukweni, analia na kututukana kwa kuchelewa.

Nilikuwa mtu mzima nilipomwuliza Mama alijuaje. "Nilijua nilipoinama," alisema. "Ile rangi haikuweza kuficha uvundo wa mbao." Babake alikuwa fundi wa mashua Gazi, na yeye alikulia miguuni pake. Miaka yote ile hakuna mtu wa Likoni aliyewahi kumwuliza.

"Mbona hukusema tu, ukatutesa na ndoo?"

"Ningesema, nani angenisikiza?"

Jibu hilo lilinichoma. Yeye alikuwa na hakika tangu mwanzo. Alitaka wanaume wale waone kwa macho yao, na binti zake ndio wawaoneshe.

Dalali wa Kisauni alikuwa bado anasifu: kuta mpya, dari mpya, bwana wangu ataipenda. Nikaitazama dari ile nyeupe, rangi yake ingali mbichi. Nikajifunga mtandio kiunoni.

"Kwenye paa hupandiwa wapi?" nikamwuliza. "Na ndoo, mnayo?"