Mguu Usiosikia Pedeli

Wateja walimwita Mama Sare, kwa kuwa kwa miaka kumi na minane alishona sare za shule na hakutaka kushona kitu kingine. Magauni ya harusi aliyakataa. Alisema bibi harusi huvaa siku moja akalalamika mwaka mzima, lakini mtoto huvaa sketi yake mpaka imshinde, na hapo ndipo fundi hujulikana.

Aliishi na virusi vya UKIMWI, wala hakuficha. Alimeza vidonge vyake mbele ya wateja, akashushia chai, akaendelea kupima viuno. Dawa hizo zilimtoa kitandani akiwa mifupa mitupu, zikamrudisha kwenye cherehani yake ya miguu. Kwa hiyo vidole vya miguu vilipoanza kumchonyota, hakuzishuku dawa, alivisingizia viatu. Akabadili viatu. Nyayo zikawaka kama amekanyaga makaa, kisha, jambo lililomtisha zaidi, zikaanza kufa ganzi. Akikanyaga pedeli, hajui kama amekanyaga. Mshono ukaenda upogo. Mzazi mmoja alirudisha shati lenye kola iliyopinda, akaliweka mezani, na hilo lilimuuma kuliko nyayo.

Dada yake mkubwa, aliyekaa naye nyumba moja, alimshauri aache dawa.

"Dada, wewe ndiye uliyeninywesha uji kwa kijiko," Mama Sare akamwambia. "Unataka tuurudie ule uji?"

Dada hakulirudia neno hilo tena.

Kliniki nako, tabibu alimwambia avumilie. Umri nao unachangia, na ashukuru yuko hai. Alikwenda mara tatu, mara tatu akarudi na vidonge vya maumivu.

Jioni moja alipovua viatu, dada yake aliona soksi imelowa damu. Pini ya kushikia pindo ilikuwa imezama kisiginoni, naye ametembea nayo tangu asubuhi bila habari. Dada aliichomoa. Mwenye mguu alikuwa akitazama tu, kama vile mguu ni wa jirani.

Kesho yake aliiweka pini ile juu ya meza ya tabibu.

"Hii imekaa kisiginoni mwangu kutwa nzima, sikuisikia. Dawa siachi, nataka kuishi. Lakini miguu nayo ni yangu, na siondoki kwenye kiti hiki mpaka mtu aipime."

Tabibu akamwomba awapishe wengine, foleni ni ndefu. Akajibu kwa upole kwamba wengine nao wana miguu. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi mzee mmoja akasema hata yake inawaka; mwanamke aliyekaa kando yake akasema yeye aliona haya kusema.

Tabibu aliweka kalamu chini, akamwita muuguzi mkuu. Muuguzi huyo akaja na kipande cha chuma kinachotetemeka kikigongwa, akamwambia mgonjwa afumbe macho, akakigusisha vidoleni, kisha kwenye kifundo. Mama Sare hakusikia kitu mpaka chuma kilipofika chini ya goti. Muuguzi akaeleza kwamba mojawapo ya dawa zake imeumiza mishipa ya fahamu, na ipo nyingine ya kuweka mahali pake. Tabibu akamwomba radhi, akimtazama usoni.

Dawa ikabadilishwa wiki ile. Moto ulipoa polepole, mwezi baada ya mwezi. Ganzi haikuondoka yote, na muuguzi hakumficha kwamba huenda isiondoke. Mama Sare alilia siku moja, tena kwa hasira. Kisha akamwita fundi wa mashine amfungie cherehani mpini wa kuzungusha kwa mkono. Sasa mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Kazi inakwenda taratibu, na baadhi ya wateja wamehama. Hakuwabembeleza.

Siku za kliniki yeye hufika mapema, akakaa pamoja na wagonjwa wapya. Kabla salamu hazijaisha huwauliza kama nyayo zao zinaisikia sakafu. Akimpata aliyeambiwa avumilie, humshika mkono, akamwingiza ndani yeye mwenyewe.